Je, Pambo Linalonyauka Ni Hasara?

Wako watu wema, wapenda kazi na wapenda Kanisa, wasemao hivi: "Mapambo ya nini? Shamba lina magugu, mtungi hauna maji, nanyi mwakaa barazani na watoto mkisuka majani! Siku tatu tu yatanyauka, na kazi yenu yote itafagiliwa pamoja na takataka." Neno hili si la kudharauliwa. Wasemao si wavivu, wala si maadui wa watoto. Wanajua kwamba siku ina saa chache na kwamba mkono wa mama una kazi nyingi. Basi yafaa tulipime neno lao kwa haki, tuone kama ni kweli kwamba wakati tunaoutumia pamoja na watoto wadogo kupamba nyumba kwa ajili ya Pasaka ni wakati uliopotea.

Kwanza tueleze ni mapambo gani tunayoyanena. Hatuneni maua ya plastiki yauzwayo madukani Sumbawanga mjini, wala taa za rangi zinazowaka na kuzimika. Twanena mambo madogo yafanywayo nyumbani kwa vitu vilivyopo. Mama hulainisha ukuta kwa udongo, akapaka ukanda mweupe na juu yake ukanda mwekundu. Mtoto wa miaka mitatu huchovya kiganja chake katika udongo mweupe, akakipiga ukutani, na alama ya vidole vyake vitano ikabaki pale. Mtoto wa miaka sita hukata vipande vya karatasi za daftari lililokwisha, akaviunganisha kwa uji mzito wa unga, vikawa mnyororo wa kutundikwa juu ya mlango. Maganda ya mahindi mabichi, yakikaushwa na kukunjwa, huwa ua. Mbegu za rangi mbalimbali hutungwa uzini. Na palipo na ukindu mabondeni, majani yake husukwa yakawa misalaba midogo ya Jumapili ya Matawi. Gharama ya haya yote haifikii bei ya sabuni moja. Gharama yake ya kweli ni wakati, na ndiyo maana twaulizana juu ya wakati.

Wengine hutangulia kusema kwamba mambo haya ni uigaji wa Wazungu. Ni kweli kwamba huko Ulaya Pasaka huangukia majira ya kuchipua, baada ya baridi kali iliyoiacha miti bila majani. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 Kanisa lilitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja, na kwa hesabu itumikayo katika Kanisa letu ni Jumapili ifuatayo mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka yetu haiji kabla ya tarehe 22 Machi, wala haipiti tarehe 25 Aprili. Katika siku hizo watu wa Ulaya hupamba nyumba zao kwa dalili za uhai unaorudi. Lakini tazameni jinsi kila taifa linavyotumia kile ilichopewa nchi yake. Wapolandi hawana mitende, basi siku ya Matawi hupeleka kanisani matawi ya mti uotao kandokando ya maji yao, ambao huchipua mapema. Waswidi hukusanya vijiti vya msitu wao, wakavifunga manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi. Waukraine huchora mayai kwa nta na rangi, kazi ya saa nyingi kwa yai moja. Hakuna hata mmoja wao aliyengoja mtende umfikie kutoka Yerusalemu.

Nasi tuna majira yetu, tena hayafanani na yao. Katika nyanda zetu za juu baridi huja Juni na Julai, nyasi zikakauka na upepo ukavuma. Kisha Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miyombo ya miteremkoni, upande wa Ziwa Tanganyika na upande wa bonde la Rukwa, huvaa majani mapya mekundu kama shaba. Huko ndiko kuchipua kwetu kwa kwanza. Pasaka yenyewe hutukuta katika mvua za mwisho, nyasi zimemfunika mtu, maharage yako shambani, na mahindi mabichi yameanza kuliwa. Sisi hatuna baridi ya kuiaga wakati huo. Tuna nchi iliyojaa majani tele. Wala upendo wa kazi nzuri ya mikono haukuletwa kwetu na meli. Kabla mapadre hawajafika Karema mwaka 1885, Wafipa walikuwa wakifuma nguo za pamba na kuyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo. Mtoto anayesuka ukindu leo hajaacha ya kwao.

Basi neno la uigaji tuliache, tuligeukie neno zito zaidi, nalo ni njaa.

Mwaka 2022 ulifanyika nchini utafiti mkubwa wa afya ya mama na mtoto. Katika Tanzania nzima, kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikutwa wamedumaa, maana yake kimo chao hakikulingana na umri wao. Katika mkoa wetu wa Rukwa walikuwa karibu 50. Jambo hili linatutia haya, kwa kuwa mkoa wetu husifiwa kwa wingi wa mahindi, na magunia yetu huwalisha watu wa mbali. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa mbele ya mlango wa ghala! Sasa mtu mwenye akili atatuuliza: "Mwawezaje kunena habari za maua ya maganda ya mahindi mahali ambapo nusu ya watoto hawakui ipasavyo? Si heri saa hiyo itumike kutafuta chakula?"

Swali ni la haki, nasi tunalijibu kwa kuuliza lingine: Je, ghala likiwa limejaa, ni kitu gani kilichopungua? Wajuzi wa lishe hutuambia kwamba tumbo lililoshiba ugali mtupu halijapata yote linayohitaji. Mtoto ataka pia maharage, mboga, matunda, maziwa, yai, dagaa. Hutuambia tena kwamba magonjwa ya kuhara na maji machafu huiba chakula ndani ya mwili. Lakini hutaja na jambo la tatu, ambalo wengi wetu hatulihesabu: mtoto mdogo hukosa mtu wa kukaa naye. Mama hutoka alfajiri kwenda shamba lililo mbali, hurudi na kuni kichwani, na mdogo huachiwa mlezi wa miaka saba ambaye naye ni mtoto. Tumbo dogo lataka kulishwa kidogo kidogo mara nyingi, na mlishaji awe na subira. Mtoto akatazaye chakula hatambuliwi na mtu asiyemtazama.

Kuna habari ya kweli ya nchi ya mbali itakayotusaidia. Katika mji wa Kingston, nchini Jamaika, wataalamu wakiongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi. Wengine walipewa maziwa ya unga kila juma. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, muda wa saa moja, kwa miaka 2. Mgeni alimwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono kutokana na vitu vya kawaida vya nyumbani. Kundi la tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991: maziwa yalisaidia akili za watoto, michezo ilisaidia, na waliopata yote mawili walisaidika kuliko wote. Wataalamu hawakuishia hapo. Waliwatafuta tena watoto wale baada ya miaka 20, walipokuwa watu wazima wenye kazi. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wale waliochezewa na mama zao walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Saa moja kwa juma, na vitu vya kutengeneza kwa mkono!

Hatusemi kwamba mnyororo wa karatasi utamrefusha mtoto. Hapana. Twasema kwamba saa ile mzazi anapoketi chini, akamtazama mtoto, akamwuliza, "Tuweke nyekundu au nyeupe?" kisha akangoja jibu, saa ile ni chakula cha namna yake, nacho hakiwezi kupimwa kwa debe. Tena katika saa ile ndipo mama aonapo kwamba mkono wa mwanawe umekonda, au kwamba haonyeshi furaha kama wa jirani, akajua ni lazima aende zahanati. Anayepamba pamoja na mtoto amepata nafasi ya kumwona.

Hapa hatuna budi kutia onyo moja juu ya yai. Tumesema kwamba watu wa Ulaya hupamba mayai. Katika nyumba yenye watoto wadogo hapa kwetu, yai lenyewe na liingie tumboni mwa mtoto, na ganda ndilo liwe pambo. Mahali pengi palikuwa na desturi ya kuwanyima watoto na wajawazito mayai, na mahali pengine mayai yote hupelekwa sokoni. Mtu atakayetundika yai zima kwenye uzi ili lioze, hali mtoto wake alikula ugali na chumvi, huyo kweli amepoteza, nasi tutasimama upande wa wale wanaomlaumu.

Sasa twaja kwenye neno la pili, nalo hutoka kwa watu wacha Mungu. Wao husema: "Mungu astahili kilicho bora. Mnyororo wa mtoto umepinda, msalaba wake una mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kwa nini tusinunue ua zuri la dukani, au mkubwa asitengeneze vizuri peke yake?"

Twakubali kwamba kanisani tupeleke kilicho bora tulichonacho. Lakini je, Mungu hupima ubora kwa kamba ya seremala? Bwana wetu alipoketi kuitazama sanduku ya sadaka, matajiri walitia nyingi, na mjane akatia senti mbili, naye ndiye aliyesifiwa. Mtoto wa miaka minne aliyekaza vidole vyake mpaka ulimi ukamtoka kwa bidii ametoa yote aliyo nayo. Ua la dukani halikumgharimu mtu wa nyumba ile kitu ila fedha. Halina bidii ya mtu wa nyumba ndani yake.

Tena liko jambo linaloumiza, nalo hutendeka bila nia mbaya. Mtoto husuka jioni, akalala kwa furaha. Usiku mkubwa hufumua ile kazi, akaisuka upya ikanyoka. Asubuhi mtoto hutazama ukutani, asiione kazi yake. Hakuna aliyemgombeza, lakini amefundishwa kwamba nyumba hii ni ya wakubwa, naye ni mgeni ndani yake. Baada ya miaka kumi baba hulalamika kwamba kijana hajali mambo ya nyumbani, kuta zikibomoka hatazami, paa likivuja hapandi. Atajalije nyumba ambayo mkono wake ulifutwa ukutani? Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga; nasi twaongeza kwamba namna ya kumkunja mtoto apende nyumba yake ni kumwachia mahali ukutani.

"Je," atauliza mwalimu mmoja, "tumsifu kwa uongo, tumwambie msalaba uliopinda umenyoka?" La. Uongo ni uongo hata mbele ya mtoto mdogo, na watoto huutambua upesi kuliko tunavyodhani. Lakini kweli ina mengi ya kusema. Tumwambie, "Umeusuka mwenyewe, nao umekaza, haufumuki. Mkono huu ni mfupi. Ukipenda, mwingine tutaupima pamoja." Hapo hakuna uongo wala hakuna kuvunja moyo. Na ule wa kwanza uachwe pale ulipo.

Limebaki neno la tatu, ndilo tuliloanza nalo: vitu hivi hunyauka. Hili tunalijibu kwa kuwapeleka wasomaji wetu mashambani kwao wenyewe. Mfipa alimaye kwa ntumba hufanya nini mvua zinapokaribia kwisha, yaani katika siku hizi hizi za Pasaka? Hukusanya majani mabichi mazuri, akayafunika kwa udongo, yakawa tuta la mviringo. Mgeni apitaye angesema amezika majani bure. Yale majani huoza ndani ya giza la tuta, na msimu ufuatao tuta huvunjwa na kutandazwa, na ulezi au mahindi hupata nguvu yake humo. Babu zetu walijua, kabla ya shule yo yote, kwamba kuoza si sawa na kupotea. Kila kitu huulizwa kimeingia wapi. Jani lililotupwa njiani limepotea. Jani lililoingia tutani litaliwa mwakani. Vivyo hivyo pambo lililofanywa ili jirani atazame limekwisha siku likinyauka; lakini lililofanywa pamoja na mtoto limeingia ndani ya mtoto. Kanisa nalo latufundisha hivyo kwa vitendo: matawi ya mwaka huu hutunzwa nyumbani mpaka yakauke kabisa, na mwaka ujao huchomwa, yakawa majivu ya Jumatano ya Majivu.

Tena tukumbuke habari ya Betania, siku chache kabla ya Pasaka ya mwisho ya Bwana. Maria alimpaka miguu kwa marhamu ya thamani, na Yuda akauliza kwa nini isiuzwe kwa dinari 300 maskini wakapewa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Dinari 300 zilikuwa karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Walakini Bwana alimtetea yule mwanamke, maana alimwona yule aliyekuwa mbele yake, na saa yake ilikuwa fupi. Watoto wetu nao saa yao ni fupi. Maskini hatutawaacha, wala shamba halitahama. Lakini mtoto wa miaka minne atakuwa wa miaka minne mwaka mmoja tu.

Basi tukiwa tumejibu hayo, tusiache mlango wazi kwa ubaya mwingine. Yatupasa kushika mambo manne.

La kwanza, mapambo yasiwe mzigo mpya juu ya kichwa cha mama. Ikiwa yeye ndiye alimaye, atekaye maji, apikaye, na sasa apambe pia usiku kwa usingizi, tumeongeza dhuluma. Baba naye aketi chini. Mikono inayoshika jembe yaweza kusuka ukindu, na mtoto hufurahi mara mbili aonapo kwamba baba hakuona haya.

La pili, pasiwe na kushindana kati ya nyumba na nyumba. Siku mapambo yatakapokuwa kipimo cha nani ana zaidi, ni heri ukuta mtupu.

La tatu, tusiharibu. Tusikate mti mchanga kwa ajili ya ua la siku moja, wala tusing'oe ukindu mpaka mizizi; tukate majani, tuache moyo wa mmea uchipue tena.

La nne, na ndilo kubwa, tumwite mtoto asiye na wa kumwita. Katika kila kijiji yuko yatima akaaye kwa bibi aliyechoka, yuko mtoto ambaye baba yake yu mbali kwa kibarua. Nafasi ya kiganja kimoja zaidi ukutani haigharimu kitu.

Kwa hayo yote twatoa hukumu yetu. Aliyeuliza kama pambo linalonyauka ni hasara aliuliza vema, lakini alitazama pambo peke yake. Na atazame aliyeketi kando yake. Ikiwa hapakuwa na mtu kando, au mtoto alifukuzwa asiharibu kazi, hapo ni hasara hata kama pambo lingedumu miaka mia. Ikiwa mtoto alikuwapo, akaulizwa, akajibu, akaachiwa kazi yake iliyopinda, hapo faida imepatikana hata kama mvua ya usiku itaosha udongo wote ukutani.

Kwa hiyo twawaomba wazazi, siku moja katika Juma Kuu, watie jembe ndani saa moja mapema kuliko desturi. Watoto na walishwe kwanza, kisha chungu cha udongo mweupe kiletwe nje penye mwanga, na mdogo kuliko wote aanze.